Hina ya Mkono wa Kulia

Modesta alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hata mahasidi wake walilikubali. Katika ile hospitali ndogo ya binafsi mjini Mtwara, mgonjwa ambaye mishipa yake imejificha aliambiwa asubiri, Modesta anakuja. Naye akija alikaa, akaushika mkono, akaupapasa kwa kidole kimoja huku akiuliza habari za watoto, na kabla mtu hajamaliza kujibu damu ilikuwa imeshaingia kwenye chupa. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kutoa watu damu na kuifikisha maabara. Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni kazi ya kuchoma sindano. Waache wadhani hivyo, siku moja watachomwa na mtu anayedhani kama wao.

Chuo kilipoleta wanafunzi, yeye ndiye aliyewapokea, na hakuwa na mzaha. Mtu asiyemwacha mgonjwa ataje jina lake mwenyewe alifukuzwa kitandani. Mtu aliyeacha mpira wa kufungia mkono ukabana hadi vidole vikabadilika rangi alifungwa mpira huo yeye, akae nao, aone. Aliwafundisha kuukwepa mshipa unaodunda, kwa sababu huo unatoka moyoni, na kuutafuta ule laini unaorudi, unaobonyea na kuinuka tena. Sindano ikishatoka mwilini ilikuwa marufuku kuirudishia kifuniko chake, iende bokisini hapohapo. Lakini alilolirudia hadi wanafunzi wakawa wanamwigiza wakiwa kantini lilikuwa la dripu.

"Mkono wenye dripu si mkono, ni bomba," alikuwa akisema. "Ukichukua damu juu ya dripu umechukua maji ya dripu. Daktari atayatibu hayo maji, na mtu atakufa."

Mwanamke huyohuyo, aliyeyasema hayo miaka nenda rudi, ndiye yaliyemkuta haya.

Alikuwa mtu wa Mbinga, aliyehamia Mtwara na mumewe mwalimu. Mwaka wake wa kwanza pale alikuwa mtu wa amri. Aliletewa mzee mmoja wa Mikindani, mkononi ana hirizi, nayo imefungwa palepale mpira unapotakiwa kukaa. Modesta akachukua mkasi akaikata, akaiweka mezani kama kipande cha uzi. Mzee hakusema neno. Waliosema ni wanawe, wakasema ukumbini, wakasema hadi nje ya geti, kwamba hawa watu wa bara wameletwa kuja kuwadharau wenyeji. Modesta aliona haya, haya ya kweli ya kumkosesha mtu usingizi. Tangu hapo akajifunza adabu za watu wa pwani: kuamkia kabla ya kuuliza, kuomba kabla ya kugusa, kugeuza uso mwanamke anapofunua mkono. Watu wakampenda kwa hilo. Naye akakupenda kupendwa huko kuliko alivyojijua.

Fauzia aliletwa asubuhi, siku mbili kabla ya ndoa yake. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha na harusi zilikuwa zimepamba moto mji mzima. Alikuwa binti wa mtaa wa Ufukoni, bado kijana mbichi, na alikuwa amewekwa ndani kama maharusi wote. Homa ilimwanzia humohumo ndani. Kwa kuwa mwari hatoki ovyo, walimpa panadol na maji ya ndimu, wakasema ni wasiwasi wa harusi. Kila alichokula alikirudisha. Alfajiri ile, akiwa katikati ya kupakwa hina, akaanguka.

Walimleta na hina yake hivyohivyo. Miguu yote miwili ilikuwa imepakwa hadi magotini, na mkono wa kulia kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, maua na majani yaliyopangwa kwa ustadi, juu yake nailoni isije ikakauka upesi. Mkono wa kushoto ulikuwa haujaguswa.

Aliyekuja naye alikuwa Bi Zuhura, somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda tangu alipovunja ungo na ambaye sasa alikuwa anamtayarisha kwa ndoa. Mama yake Fauzia alifariki zamani, hivyo Bi Zuhura ndiye aliyekuwa amesimama mahali pa mama. Nusu ya maharusi wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake. Alikaa kando ya kitanda na kichupa chake cha ndimu na sukari, akifunua nailoni mara kwa mara na kuidondoshea hina matone machache, ilowe, ikolee.

Daktari Dickson, kijana mpole ambaye macho yake yalidai usingizi kila siku, alimpima akamkuta na malaria kali. Akamwanzishia sindano za malaria, na kwa vile binti alikuwa hana kitu tumboni, akamtundikia dripu ya sukari kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Adhuhuri ikafika. Fauzia alikuwa bado amelegea na anahema mbiombio. Daktari akataka damu ipelekwe maabara, waangalie figo, wingi wa damu na sukari. Vile vijiti vya kupimia sukari kidoleni vilikuwa vimeagizwa na havijafika.

Modesta alikuwa ameshavaa mkoba wake begani aondoke. Akauvua, akaenda wodini.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja wewe."

Modesta akainama kwa mgonjwa. "Niambie jina lako, mama."

"Fauzia Abdulrahmani." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ya mtu aliyepo. "Dada, waambie wanioshe hii hina. Inaniwasha."

"Vumilia, mwari, bado kidogo," alisema Bi Zuhura.

"Bi Zuhura, naomba huu mkono wa kulia," alisema Modesta. "Nimtoe damu kidogo tu."

"Huo hapana, mama. Nnakuomba. Ukifunga mpira wako hapo utaivuruga yote, na hapa kwenye kiwiko ndipo nilipoweka ua kubwa. Keshokutwa mawifi watamfunua mikono waitazame. Mwaka jana nilimpaka binti mmoja, ikafutika kidogo tu, padogo hivi, wakasema biharusi kaja na doa. Haukupita muda akarudishwa kwao. Hadi leo wananitaja mimi."

"Huu wa kushoto una dripu."

"Basi si mkono? Mshipa huo hapo, hata mimi nauona."

Mshipa ulikuwepo kweli, kwenye kiwiko, mnene, umejaa. Modesta aliutazama. Angeweza kuifunga dripu, akasubiri, halafu akachukua chini yake. Angeweza kufuta hina mahali padogo, ukubwa wa kifuniko cha soda. Angeweza kumwita daktari aje aseme yeye. Yote hayo aliyajua kama anavyojua njia ya kwake. Lakini Bi Zuhura alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ile nailoni, na wodi nzima ilikuwa imenyamaza ikisikiliza, na Modesta akaiona tena ile hirizi juu ya meza. Akajiambia kwamba dripu inakwenda polepole, na kwamba kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko ni mbali.

Akafunga mpira mkono wa kushoto.

Damu ilikuja haraka, nyepesi, rangi yake kama juisi ya rozela iliyoongezwa maji. Aliiona. Akajiambia ni upungufu wa damu, malaria ndivyo inavyofanya. Mtu mjinga akitaka kujidanganya hupata tabu kutafuta sababu, ila mwenye ujuzi anazo tele. Kila kitu kingine alikifanya sawasawa: aliandika jina kwenye chupa palepale kitandani, akatupa sindano bokisini, akabana pamba hadi damu ikakata. Fauzia hata hakukunja uso.

"Mungu akubariki," alisema Bi Zuhura. "Wewe unajua watu."

Modesta alipeleka chupa maabara kwa Gaudensi, mpimaji wa zamu, akaaga, akaenda zake nyumbani Mtawanya.

Alikuwa amechutama uani akimenya mihogo simu ilipoita. Alikuwa Gaudensi.

"Samahani kukusumbua. Huyu Fauzia wako, sukari yake imepita juu kabisa. Daktari Dickson anasema huenda ni kisukari kimejitokeza pamoja na malaria, maana anahema vile na amelegea. Ila ana wasiwasi, hajataka kumpa dawa mpaka nikuulize. Ulichukua mkono gani?"

Kisu kikasimama kwenye mhogo. Modesta alijua hapohapo, alijua yote kwa mkupuo mmoja, kwamba Gaudensi alikuwa amepima dripu. Alipaswa kusema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Wa kulia," alisema.

Lilitoka lenyewe, jepesi kama mkono wake.

"Una hakika?"

"Wa kulia, Gaudensi. Hebu rudia kupima, labda ni mashine."

Hakuwa mwanamke mbaya, na ubaya haukuwa nia yake. Alichokiona ni kwamba atarudi mara moja, atamwomba Bi Zuhura, atachukua damu nyingine mkono wa kulia kimyakimya, na majibu yakija sawa watailaumu mashine, ambayo haina haya ya kuona. Hakuna atakayejua kwamba Modesta, yule wa bomba, alichukua damu kwenye bomba. Aliamini daktari atasubiri. Akanawa mikono, akabadili gauni, akatafuta la kusema akiulizwa kwa nini amerudi, akapata kwamba amesahau chaja. Akasimamisha bodaboda. Simu ilikuwa mkononi njia nzima. Kupiga kungekuwa kwepesi kuliko kuvaa viatu, ila kupiga kulikuwa ni kusema.

Huku nyuma Gaudensi, mtu mwaminifu, alirudia kupima damu ileile kama alivyoambiwa, na damu ileile ikampa jibu lilelile. Akampelekea daktari: amerudia, na damu imetoka mkono usio na dripu. Wasiwasi wa Daktari Dickson ukakosa pa kusimama. Akaitoa dripu ya sukari, akaweka ya chumvi, akampa Fauzia insulini, dawa ya kuishusha sukari ambayo binti hakuwa nayo.

Modesta alipoingia wodini kitu cha kwanza alichokitazama ni chupa iliyoning'inia. Akasoma maandishi yake. Ilikuwa ya chumvi.

"Ameshapewa insulini," nesi alimwambia. "Tunasubiri achangamke."

Fauzia alikuwa amelowa jasho hadi shuka imeshikana na mwili. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayenong'ona. Bi Zuhura alikuwa anampepea kwa pembe ya kanga. "Joto linatoka," alisema. "Si dalili njema hiyo, mwanangu?"

 Modesta alitoka mbio, akamkuta Daktari Dickson mlangoni mwa chumba cha dawa.

"Daktari, nilidanganya. Damu niliichukua mkono wa dripu, juu ya dripu. Hana kisukari. Mpe sukari sasa hivi."

 Daktari akafungua kabati, akakamata chupa za sukari, wakakimbia wote.

Degedege lilikuwa limeshaanza. Fauzia alijipinda, mkono wa kushoto ukajipiga kwenye chuma cha kitanda, kanula, ile sindano ya dripu, ikachomoka na damu ikaruka ukutani. Kisha akatapika huku ametazama juu, na kabla nesi hajamgeuza ubavu ile hewa aliyokuwa akiitafuta kwa nguvu iliyavuta matapishi yote ndani.

"Mshipa," alisema Daktari Dickson. "Modesta, nipatie mshipa."

Modesta alichana ile nailoni. Akalowesha pamba kwa spiriti, akafuta hina kwenye kiwiko cha kulia, kwenye ua lenyewe, akafuta kwa nguvu. Bi Zuhura alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kichwani, na hakumzuia. Mshipa ulikuwa unamsubiri. Aliupata kwa mara ya kwanza, na damu iliyorudi ilikuwa nzito na nyekundu ya giza, damu ya mtu. Aliichukia mikono yake kwa wepesi ule.

Sukari iliingia. Degedege likatulia. Lakini kifua kilikuwa kimeshajaa, na hewa ya mtungi ilikuwa inaingia puani isifike popote. Walimnyonya matapishi kwa mashine, wakambana kifua, wakabadilishana, wakarudia tena. Fauzia alikufa adhana ya magharibi ikiwa bado.

Daktari Dickson aliwatokea ndugu wa kiume waliokuwa wamejaa ukumbini, akawapa taarifa ya kifo. Aliporudi alisimama karibu na Modesta bila kumtazama. "Kesho tutaitwa wote wawili," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Modesta angelipa chochote aisikie hasira.

Wanawake wa Ufukoni walikuwa nje wakingoja gari la kumchukua marehemu. Ndani, nyuma ya pazia, Bi Zuhura alikuwa amekaa peke yake na maiti iliyofunikwa. Alimwona Modesta amesimama, akamwonyesha kiti.

"Kaa, mwanangu. Leo umehangaika na sisi. Katika wote hawa wewe ndiye uliyetustahi. Nitakuombea."

Modesta alikaa. Aliyataka maneno yale, aliyataka kwa moyo wake wote. Angeweza kuyachukua, akainamisha kichwa, akaondoka nayo. Huyu mama asingejua kamwe, na pengine kutojua kungekuwa huruma kwake. Akajiuliza ni huruma kwa nani, akaona kwamba ameshajidanganya vya kutosha kwa siku moja.

"Bi Zuhura, mimi sikukustahi," alisema. "Nilikuogopa."

Bi Zuhura akamgeukia.

"Ule mkono wa kushoto ulikuwa unaingia maji ya sukari. Nikachukua damu humohumo. Vipimo vikaonyesha ana sukari nyingi, akapewa dawa ya kuishusha, na hakuwa nayo. Dawa ndiyo iliyomletea degedege. Na kabla hawajampa waliniuliza nimechukua mkono gani. Nikasema wa kulia."

Nje mtu alikuwa anaulizia gari limefika wapi. Bi Zuhura aliitazama shuka, upande wa mkono wa kulia.

"Wa kulia nilikukataza mimi," alisema.

"Ulinikataza. Wewe hukujua, na mimi nilijua. Kazi ya kukukatalia ilikuwa yangu."

Bi Zuhura hakumlaani wala hakumsamehe. Aliifunua shuka upande mmoja, akautoa mkono wa kulia, akauweka juu ya mapaja yake kama alivyouweka alfajiri. Akaondoa mabaki ya nailoni. Hina ilikuwa imekauka, akawa anaibandua kwa kucha na kuipangusa kwa kanga, vidole kwanza, kisha kiganja, kisha mkono. Maganda yalimdondokea miguuni. Chini yake maua yalitokea, mekundu, hakuna hata moja lililopotea. Modesta alikaa akitazama kwa sababu hakuwa na haki ya kuinuka.

Bi Zuhura akafika kwenye kiwiko, pale spiriti ilipofuta. Akasita. Akapapangusa kwa kidole gumba, akainama karibu, akapapangusa tena. Lile ua kubwa lilikuwa zima, jekundu kama mengine yote, na katikati yake tundu dogo la sindano.

"Ilikuwa imeshakolea," alisema.

Akaligusa tena lile ua.

"Yeye alikuwa anasema inamwasha, nimwoshe. Mimi nikamwambia bado." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekagua kazi yake. "Ilikuwa imeshakolea."

Akaurudisha mkono ule chini ya shuka. Kisha akazunguka upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono wa kushoto, ule mtupu, akalowesha pembe ya kanga na kuanza kufuta damu iliyokuwa imekaukia kifundoni.